Nilimwachia Mjaza Ritani Siri za Wateja Wangu

Kosa ni langu, na msinipe pole. Sitaki! Mimi ni mshauri nasaha hapa Nyeri, nimekodi ofisi juu ya duka la dawa za mifugo, na watu hunilipa ili wanieleze mambo ambayo hawamwelezi hata pasta. Mimi nikayatoa nje kama takataka.

Chanzo ni uvivu. Tangu niache ajira nijitegemee, sikuwahi kuwa na daftari la hesabu. Nilikuwa na daftari moja kubwa la jalada gumu: jina la mteja, shida yake, tulipofikia, halafu pale chini pesa alizolipa. Kila kitu ukurasa mmoja, nami najiona mjanja! Kila Juni nikijaza ritani ya ushuru naweka sufuri, eti sina mapato, ilhali pesa zinaingia kwa simu kila siku. Najua wenzangu wengi mnafanya hivyo hivyo, kwa hivyo msinikunjie uso.

Basi barua ikaja. Watu wa ushuru walikuwa wameona pesa za simu, wakataka rekodi zangu haraka. Nikaingiwa na kiwewe, nikakimbilia Gatitu kwa jamaa mmoja wa saiba, duka la kompyuta na intaneti, anayejazia watu ritani.

"Madam, niachie hii kitabu," akaniambia. "Kesho utapata kila kitu iko sawa."

Nikamwachia! Ningekaa saa mbili tu nikanakili tarehe na pesa kwenye karatasi, maneno ya watu yangebaki kabatini. Lakini nilikuwa nawaza faini yangu, siwawazi wateja.

Ndani ya daftari hilo alikuwemo mama mmoja anayenunua mchele Wang'uru na kuuleta hapa mjini. Mumewe alikuwa akimpiga. Kwa miezi mitano tulipanga namna atakavyoondoka na watoto wake wawili, akapata chumba Nanyuki, akalipia. Yote niliandika, hata siku ya kuhama.

Yule jamaa wa saiba huimba kwaya moja na huyo mume. Akasoma, akaenda kumwambia. Nilipomkabili hakuona hata haya.

"Madam, mimi niliokoa boma ya mtu," akasema. "Wewe ndio ulikuwa unavunja."

Nilitamani kumzaba kofi. Mtu mzima, mdomo kama gunia lililotoboka! Lakini daftari alipewa na nani?

Mume aliwapeleka watoto Murang'a kwa mamake, akamwambia mkewe atawaona siku atakaporudisha funguo za hicho chumba.

Mama akanijia ofisini. Hakuketi.

"Hata mamangu sikuwa nimemwambia," alisema. "Ni wewe peke yako."

Nikaanza kumweleza habari za barua na ritani. Aibu gani hii!

"Ati ushuru? Watoto yangu wameenda juu ya ushuru?" Akatoa elfu mbili, ada yangu ya kila kikao, akaziweka mezani. "Andika na hii. Andika nimerudi kwake."

Akashuka ngazi. Sikumfuata.

Ushuru nimelipa, faini nailipa kidogo kidogo, na wateja wengine waliosikia wamenihama. Hayo nayastahili. Lakini juzi nilimwona sokoni, kitambaa cha kichwa amekishusha hadi kwenye jicho la kushoto. Nilijua kwa nini. Nikageuka nikapita njia nyingine, mimi niliyekuwa nikimwambia asiogope!

Sasa wewe mshauri uliyejiajiri, unayesoma hapa ukinisonya, nunua daftari la pili leo. Pesa ziwe huko, maneno ya watu yawe huku. Mteja mpe namba badala ya jina, andika risiti, tenga hela ya ushuru kila wiki, na utangaze ulichopata hata kama inakuuma. Ukiona ni kazi nyingi, funga ofisi! Maana mama mwingine atapanda ngazi zako akiwa na siku yake ya kuhama, na atakuambia wewe peke yako.