RAM Niliyoipa Mapumziko

Jamani, Jumatano niliiua laptop ya bosi wangu kwa huruma.

Nafanya kazi stationery moja hapa Engutoto. Laptop ya Mama Zainabu, mwenye duka, ukiifunika jioni ilale na chaji tele, asubuhi unaikuta imezima. Na Alhamisi tulikuwa twende Momela kumwonyesha meneja wa hoteli sampuli za menyu, kazi ya kuchapa ambayo Mama aliiwinda mwaka mzima. Nikamuuliza fundi wa kompyuta wa jirani.

"Laptop ikilala, RAM, ile kumbukumbu yake ya muda, inakesha," akasema. "Inashikilia kile ulichoacha wazi. Ndiyo inayokula chaji."

Mimi na la saba yangu nikaona nimeelewa. Jumatano jioni nikaijaza chaji, nikafungua mfuniko wa chini, nikaichomoa RAM, nikaurudishia mfuniko bila kukaza skrubu.

Kufika Momela, Mama akabonyeza kitufe cha kuwasha. Kioo cheusi, laptop inalia pii, pii. Meneja akaigeuza, mfuniko ukamdondokea mapajani.

"Mama, hii haina RAM."

Mama akanigeukia taratibu. "Mwanangu, RAM iko wapi?"

"Dukani, kwenye droo," nikasema. "Nimeifunika kitambaa ilale kidogo, maskini, imekesha sana."