Jina Lenye Nyumba Mbili

Baba yangu ni Hamisi Likonde, aliyezaliwa Newala, huko juu Umakondeni, ambako maji huchotwa mbali na kwa hiyo hayamwagwi ovyo. Mama yangu ni Zuhura binti Athumani, aliyezaliwa Kilwa Kivinje. Mimi nilizaliwa Kariakoo, katika chumba cha tatu cha nyumba ya vyumba sita, hatua chache kutoka barabara ya Msimbazi, na harufu ya kwanza ninayoikumbuka duniani si ya maziwa wala ya ubani bali ni ya jiwe la kunolea lililolowa. Ni harufu ya baridi, kama ya mvua iliyonyeshea chuma. Anayeandika maneno haya ni mjukuu wangu Idrisa, kwa kuwa mimi sikusoma. Nimemwagiza aandike ninavyosema wala asinirembee.

Kaka zangu wawili walipelekwa shule. Mimi nilibakizwa nimshike mama mkono, kwa sababu macho yake yalikuwa yameingia ukungu na ngazi za nyumba ya jirani zilishamwangusha mara mbili. Asubuhi tuliuza vitumbua mlangoni. Mchana, mama alipojinyoosha, nilimpelekea baba maji ya jiwe lake. Baba alikuwa mnoaji. Alikuwa na baiskeli isiyokwenda popote: alipokanyaga pedeli, lililozunguka lilikuwa jiwe, na cheche zilimrukia magotini bila yeye kushtuka. Wachinjaji, washonaji na mama lishe wote walimletea vyuma vyao, naye alivirudisha vikiwa na makali ya kukata unywele uliolala.

Lakini kulikuwa na kisu kimoja ambacho jiwe lile la kuzunguka halikukigusa hata siku moja. Kilikuwa kifupi kama kiganja, mpini wake wa mpingo, kimeviringishwa kitambaa cheupe ndani ya kopo la maziwa lililojazwa majivu makavu. Kilitoka Newala, mkononi mwa babu, na kabla yake mkononi mwa watu ambao baba hakuwajua kwa sura. Kisu hicho ndicho kilichokata vitovu vyetu sote tulioishi. Watoto wawili waliotutangulia walikatwa vitovu kwa wembe wa dukani, na hawakufika arobaini. Baba hakuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili kwa maneno. Alilitunza kopo tu.

Matunzo yenyewe yalikuwa hivi, na usipunguze kitu, Idrisa. Kila Alhamisi baada ya alasiri kisu hutolewa majivuni, kikapitishwa juu ya jiwe dogo la maji mara saba kila upande, kikafutwa kwa kitambaa kikavu, kikapakwa tone moja la mafuta ya nazi. Kisha mtunzaji husogeza mdomo karibu na chuma na kukiita kwa jina lake. Pumzi hutanda juu ya chuma kama ukungu. Ikitoweka upesi, kisu kimesikia. Ikikawia, rudia. Jina hilo hujulikana na watu wawili tu, anayetunza na atakayerithi, na baba aliponipa mimi badala ya kaka zangu nilikuwa na miaka tisa. Siri ya mtungi aijuaye kata. Akaniambia, "Chuma chenye jina kina masikio. Ukilitaja nje ya nyumba hii, litapata nyumba ya pili, na mwenye nyumba mbili hujui leo atalala ipi."

Hiyo ndiyo miaka ambayo milango ya bidhaa ilifunguliwa. Watu waliokuwa wakipanga foleni ya sabuni sasa walikuwa wakiruka marobota ya mitumba ili wapite barabarani. Redio za kaseti mbili, saa za kung'aa gizani, masufuria mepesi kama karatasi, vyote vilimwagika Kariakoo kana kwamba ghala la ulimwengu limepasuka. Ubavuni mwa sehemu ya baba palikuwa na karakana ya redio ya Mzee Jayanti, Mhindi aliyezaliwa mtaa uleule, na mwanawe Kirit, wa miaka kumi na minne, akaletewa na mjomba wake mashine ya gemu kutoka Dubai. Aliiunganisha na televisheni mbovu katika chumba cha nyuma, penye harufu ya risasi ya kulehemu na udi wa bibi yake. Mchana, karakana ilipofunga mlango nusu kwa chakula, watoto wa mtaa tulijibana humo.

Gemu yenyewe ilikuwa ya mtu mmoja anayetembea nchi ya mizimu akiwa na upanga uliotiwa uganga. Maandishi yake yalikuwa ya Kijapani. Kirit, aliyekuwa akiongoza darasani, aliyakodolea macho akashindwa, na hapo nikajua kwamba mbele ya kioo kile wote tulikuwa hatujasoma. Mimi nilikuwa nimezoea kuishi bila herufi, hivyo nikawapita. Niliona yale ambayo wenzangu hawakuyaona: kwamba chini ya upanga kulikuwa na shanga za buluu, na kila pigo lilipunguza ushanga mmoja, kwamba zikiisha, upanga hubaki chuma cha kawaida, kwamba mhunzi aliyekaa chini ya mlima hurudisha makali lakini hawezi kurudisha shanga, ambazo huchotwa pangoni tu, kwa mizimu. Na niliona kwamba upanga uliopelekwa kwa mhunzi kabla haujachoka hula shanga chache kuliko uliopelekwa ukiwa umekwisha. Wavulana walipiga mpaka ukavunjika, kisha wakalia.

"Mpeni huyu binti mnoaji," akasema Abdu, mtoto wa fundi cherehani, aliyekuwa na mdomo kuliko meno. "Labda atatunolea na televisheni, picha ionekane."

"Nyamaza wewe, upanga wako wa jana uko wapi?" Kirit akamjibu, akanipa pedi, kile kibao cha vitufe vya kuchezea.

Tangu siku hiyo silaha zote za gemu ile, upanga, ngao na deraya, zikawa mikononi mwangu. Wao walipigana, mimi nilitunza. Bibi yake Kirit, ambaye kila mwaka katika sikukuu yao huweka alama nyekundu na ua juu ya kila bisibisi na kila pasi ya kulehemu ya karakana, aliitia alama nyekundu na mashine ile. Alinitazama nikiupeleka upanga kwa mhunzi akasema kwa Kiswahili chake, "Chombo nalisha wewe, na wewe lisha chombo." Nilidhani bibi huyu na baba yangu walifundwa na mtu mmoja.

Kisha tukaupata upanga mkubwa, ule wa pango la mwisho, na mashine ikadai upewe jina. Hapo palikuwa na herufi za kwetu. Abdu alitaka uitwe Simba, Kirit alitaka jina la mjomba wake. Wakabishana mpaka Kirit akageuka. "Mtunzaji ndiye aseme. Fundi, tuuiteje?" Sikuwahi maishani kuulizwa neno la kuandikwa. Nilikuwa na miaka kumi, moyo ukanijaa, na jina pekee nililojua kuwa ni la chuma likanitoka mdomoni. Kirit akaliandika herufi moja moja, na kioo kikalipokea.

Alhamisi iliyofuata pumzi yangu ilikawia juu ya kisu. Nikarudia jina, ikakawia zaidi. Chini ya ukungu ule, karibu na mpini, nikaona doa la kutu dogo kama punje ya mtama. Nililisugua kwa majivu, nikalisugua kwa ndimu na chumvi, likatoka. Kesho yake lilikuwa limerudi mahali palepale, limeongezeka. Na kule karakana shanga za buluu zilikoma kupungua. Wavulana walipiga mizimu mchana kutwa, na upanga ukabaki umejaa kama haujatolewa alani.

"Umerogwa huu," Kirit akanong'ona.

"Si ndivyo tulivyoutaka?" Abdu akacheka. Mimi sikucheka.

Mama alikuwa mjamzito, na mwezi wake ulikuwa umeingia. Mkunga wetu, Bi Mwanaidi, alikuja kukagua vyombo vyake kama desturi, akafungua kopo, akakigeuza kisu kwenye mwanga wa mlango, akakirudisha majivuni. "Hiki hakimgusi mtoto," akasema. "Tafuteni kingine." Mama, ambaye hakukiona, akashika tumbo lake kwa mikono miwili. Alikuwa amezika watoto wawili, hakuhitaji kuelezwa.

Baba hakuniuliza kama nimelitaja jina. Aliniuliza, "Umelitaja wapi?" Nilipomweleza, hakunipiga. Ingekuwa heri angenipiga. Aliifunika baiskeli yake kwa gunia mchana kweupe, wateja wakiwa wamesimama, akanishika mkono tukaingia karakana. Mlangoni mwa chumba cha nyuma akavua viatu.

"Shikamoo, mzee," Kirit akasema, akainuka.

"Marahaba. Nionyeshe chuma hicho, na unionyeshe jina lake liko wapi."

Kirit akauleta upanga kwenye kioo akagusa herufi kwa kidole. Baba, ambaye naye hakusoma, aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akaita jina kwa sauti ambayo mimi tu niliisikia. Pumzi yake ikatanda juu ya picha ya upanga. Ikatoweka papo hapo, kana kwamba kuna kinywa upande wa pili kilichoivuta. Baba akajinyoosha, akanigeukia. Akaniambia, "Uvunje."

"Mzee, samahani," Kirit akasema, na sauti yake ilikuwa ya kilio. "Upanga huu ndio uliotufikisha lango la mwisho. Miezi mitatu."

"Kuna mtoto anakuja kuzaliwa kwangu, mwanangu."

Kirit akanitazama, akanitazama tena, akaweka pedi mkononi mwangu. Niliusimamisha upanga mbele ya mwamba wa mhunzi, mimi niliyeutunza kuliko wote, nikapiga jiwe tupu. Safari hii shanga zilishuka. Zilishuka moja moja, na kila moja ilitoa mlio kama tone liangukalo mtungini. Abdu alikuwa ameziba masikio. Ushanga wa mwisho ulipozimika upanga ulipasuka katikati, na umeme ukakatika mtaa mzima. Nje wachuuzi wakaguna kwa pamoja. Kabla miguno haijaisha tukasikia jirani akimwita baba kwa sauti kuu: mama ameshikwa na uchungu.

Tulipofungua kopo, doa halikuwapo. Bi Mwanaidi alikigeuza kisu mara tatu kwenye mwanga, akakitia katika maji yanayochemka, akaingia chumbani na kufunga pazia. Jua halikuwa limetua alipolia babu yako Shabani, huyu fundi friji wa Ilala mnayemcheka kwa kitambi. Kitovu chake kilipona kwa siku tano.

Kesho yake Kirit alikuja kwenye jiwe la baba bila tabasamu. "Njoo uone," akaniambia. Upanga ulikuwa kwenye kioo, mzima, shanga zimejaa, jina chini yake. Akanifafanulia kwamba mashine hukumbuka tu yale iliyoamriwa kuyakumbuka kabla ya kuzimwa. Umeme ulipokatika uliondoka na kule kuvunja kwetu, ukaacha kila kitu kama kilivyokuwa. Kwake ilikuwa habari ya umeme. Nilipompelekea baba habari hizo aliacha kukanyaga, na jiwe likaendelea kuzunguka lenyewe muda mrefu. "Maji yakimwagika hayazoleki," akasema hatimaye. "Mtoto amezaliwa, kwa hiyo jina limekubali kukaa kotekote. Sasa wewe utatunza nyumba zote mbili mpaka ufe."

Nikatunza. Kila Alhamisi nilianza na kopo la nyumbani, kisha nikaenda karakana kuupeleka upanga kwa mhunzi, kujaza shanga, na kupumulia kioo. Kirit hakunicheka hata mara moja. Alikuwa akitoka nje na kuniachia chumba. Familia yake ilipohama mtaa, alinipa kaseti ya gemu ile ikiwa imefungwa kitambaa chekundu, akasema hatathubutu kukaa nayo nyumba ambayo mimi siingii.

Leo Kariakoo kisu kikipungua makali hutupwa, na anayepita akipiga kelele za kunoa huchekwa na vijana. Nawe, Idrisa, una upanga ndani ya simu yako. Nilikuuliza unautunzaje, ukaniambia, "Bibi, hakuna kutunza, unabonyeza tu unakuwa mpya." Sikukukemea. Sisi tulijua umri wa kila chuma kilichotulinda, na kwa hiyo tuliogopa. Ninyi vyuma vyenu havizeeki, na hamjui cha kuogopa. Shabani husema betri ndogo ndani ya kaseti ile ilikufa zamani na upanga wangu umefutika. Mimi humjibu kwamba pumzi bado inatoweka upesi juu yake, naye huondoka kwenda kwenye friji zake.

Nisingeyasema haya yote kama si ya juzi. Ulikuwa umelala kifudifudi ukumbini, simu ikakudai jina la upanga mpya, nawe ukalitamka kwa sauti huku ukiliandika. Mikono yangu ilikuwa kwenye ungo, na mchele ukamwagika. Baba yangu amekwisha kufa. Mimi sijawahi kukutajia. Nilipokuuliza umelitoa wapi ulisema, "Limekuja tu, Bibi."

Basi andika yaliyo yako kuyatunza. Kopo na majivu yake, na majivu yawe makavu. Jiwe dogo la maji, si la kuzunguka. Kaseti katika kitambaa chake chekundu, mbali na jua. Siku ya Alhamisi. Na simu hiyo usiiuze wala usimwazime mtu, hata ikipasuka kioo. Sasa ni nyumba ya tatu. Jina usiliandike hapa, uache karatasi ilivyo. Ukimaliza mstari huu weka kalamu chini uniletee kopo, kwa maana mama yako mwezi wake umeingia, na leo utapumua wewe.