Kinyago cha Mpishi wa Melini

Jirani wa Liberatus pale Igowole aliwahi kuwa mpishi melini, na sebuleni kwake alijijengea kaunta ya mianzi ya kunywea ulanzi, pombe ya mianzi. Ukutani alitundika makasia na vinyago vya visiwa vya Pasifiki. Kila jioni alivipaka mafuta kwa vidole vyenye makovu ya moto, akiviimbia taratibu.

"Mwenzio anajua kupamba nyumba," Matilda alimwambia mumewe, Liberatus, kila alipotoka kule.

Siku moja Liberatus alimkuta jirani akitundika kinyago kikubwa kuliko vyote.

"Ndugu yangu, kimekaa sawa?"

Kilikuwa sawa kabisa. Liberatus, kwa kijicho, akajibu, "Kimepinda."

Jirani hakubisha. Akang'oa msumari ili akinyooshe, akamshukuru.