Betri za Kakuma zilikuwa na kiu

Jamani, leo nimefika kituo cha simu Kakuma nikakuta betri zimeshanyweshwa.

Mnajua kazi yangu. Kila mwezi natoka Lodwar na maji maalum ya betri, naongeza palipopungua. Safari hii gari liliharibika, nikachelewa wiki tatu. Kwa joto hili nilijua nitazikuta zimekauka.

Zilikuwa zimejaa hadi kwenye mstari wa kipimo.

Mama Akiru, anayefagia kituo, akanipokea mlangoni kwa salamu ya Kiturkana. "Ejok, fundi. Hii betri yako ilikuwa na kiu. Mimi nimepatia maji."

Maji gani?

Akanionyesha mtungi wake wa plastiki. Ni maji wanayochimba kwenye mto mkavu, yana chumvi. Na chumvi huua betri.

Nikafungua mdomo nimgombeze. Halafu nikakumbuka ni mimi niliyemwonyesha ule mstari. Nilijifanya profesa, nikamwambia maji yakishuka chini ya hapa, simu ya binti yake aliye Lokichoggio haitaingia tena.

Mtungi ulikuwa mtupu. Nikamuuliza, "Na nyumbani mmekunywa nini?"

"Sisi tunaweza ngoja."

Nikamweleza ukweli polepole. Akashika ufagio kwa mikono miwili.

"Nimeua?"

"Bado, mama."

Nikamwachia maji yangu yote ya kunywa.

Sasa nimerudi Lodwar, nina fomu ya ukaguzi mbele yangu. Nyinyi mngeandika nini?

Mimi, kwenye sababu ya hitilafu, nimeandika: fundi alichelewa.