Siku Nilipomkimbia Mama Kadzo na Mpira Kwapani

Nasema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa Tarasaa, maana wao huongeza chumvi: ndiyo, mimi ndiye niliyejificha kichakani na mpira kwapani, mchana kweupe, Garsen nzima ikitazama, na hakuna aliyekuwa ananifukuza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa kijana wa kuzurura. Shule niliiacha mapema (mwalimu alisema alinifukuza, hatukuwahi kukubaliana), nikalima kidogo Chara, nikavua kidogo, nikavusha ng'ombe wa Waorma mtoni, na kila kazi niliiacha mara nilipojua inavyofanywa. Wakati huo nilikuwa nabeba mabomba ya Mmarekani mmoja aliyekuja kutoboa ardhi akitafuta mafuta, tukimwita Bwana Keekee kwa ajili ya mashine yake ya kutobolea.

Sasa, nilikuwa nampenda Kadzo, binti wa Mzee Katana, na nilipopeleka neno, mzee hakukataa wala hakukubali. Alisema, "Mwanangu, mbuzi wako wa posa angoje kwanza. Nionyeshe kitu kimoja tu ulichokianza ukakifikisha mwisho, halafu tutaongea." Nikafikiri, nikafikiri, sikupata hata kimoja.

Bwana Keekee alikuwa na mpira wa kwao, umechongoka pande zote mbili kama papai changa, nao hubebwa kwapani, mtu akakimbia nao huku wengine wakimwangusha, mpaka auvushe mstari wa mwisho. Jioni kwenye chai alituhadithia kwamba kwao wapo watu wazima wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo, na hadithi alizozipenda zaidi ni za siku walipoharibu: yule aliyebakiwa na uwanja mtupu mbele yake akaudondosha mpira mwenyewe, yule aliyegeuka akakimbilia upande wa kwao, yule aliyengojewa na maelfu ya watu apige teke moja tu, mguu ukagoma. Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani.

"Bwana, watu wanalipwa, halafu wanashindwa hatua ya mwisho? Mimi siwezi!"

Akanitazama. "Wote nasema hivyo," akajibu kwa Kiswahili chake cha kambini.

Ningenyamaza hapo, nisingekuwa na la kuwaambia leo. Lakini mpambano ulipopangwa, sisi wa Garsen na vijana wa Tarasaa, nikaenda kwa Mzee Katana nikamwomba aje asimame nyuma kabisa ya mstari wa majivu tuliouchora, aone kwa macho yake mimi nikifikisha kitu mwisho. Mzee akaja, akasimama pale pale, na kwa haraka ya kuja akasahau ugoro wake nyumbani. (Ugoro huo ndio ulioniua.)

Tulivutana mpaka tukatoka vumbi masikioni, sare kwa sare, na Bwana Keekee akatangaza kwamba atakayevusha sasa ndiye mshindi. Mpira ukanifikia. Nikamkwepa mmoja, nikapita katikati ya wawili, na mbele yangu sikuona mtu ila Mzee Katana akinipungia mkono, nami nikaanza kutabasamu, nikamwona Kadzo pembeni akiruka, nikaongeza mbio, na hapo hapo, nyuma ya mstari, akatokeza mama yake na kikopo cha ugoro mkononi.

Mnajua kwetu mtu na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Ukimwona njiani unaingia kichakani, unampa mgongo mpaka apite. Mimi nililelewa hivyo, na miguu yangu ililelewa hivyo, haikuniuliza. Hatua chache kabla ya majivu ikakata kona, ikaniingiza kwenye kichaka cha mswaki kilichokuwa kando, nikachutama, nikaupa ulimwengu mgongo.

Jilo wa Tarasaa, aliyekuwa amekwishakata tamaa nyuma yangu, akaja taratibu, akainama, akauchomoa mpira kwapani mwangu kama anayetoa yai chini ya kuku.

"Asante, kaka," akasema. "Wewe endelea tu."

Akaenda nao hadi upande wa pili, akauvusha mstari wetu, wenzangu wote wamesimama midomo wazi.

Ndipo nikamsikia Mama Kadzo: "Kijana huyu anamkimbia nani?"

"Wewe, mama!" mtu akapiga kelele. "Si mkweo huyo!"

"Mkwe wangu? Nani kala mbuzi wake? Katana, umekula mbuzi wa watu bila kuniambia?"

"Hata kwato sijaiona!" mzee akaapa.

Kicheko kilichopigwa hapo, nadhani ng'ombe walikisikia ng'ambo ya mto. Nami nifanyeje? Nikitoka, nimekiri kwamba huyu mama si mkwe wangu. Nikibaki, mimi ni mkwe asiyeposa. Nikabaki, na wale wadudu weusi wa kuuma, sungusungu, wakanipata.

Mzee Katana akaja mpaka kichakani. "Mwanangu, mbio umeziachia njiani, na ukwe umeuanza kabla ya posa."

"Basi ndiyo nimemkosa Kadzo, baba?"

Akapapasa mfuko usio na ugoro, akafikiri. "Mama yake bado yupo hapa. Kaa humo mpaka aondoke. Angalau hilo limalize, kisha uje nyumbani tuongee."

Ndugu zangu, nilikaa. Sungusungu walinila, nikakaa. Kisha nikamsikia Bwana Keekee akiwaeleza watu jambo, wote wakaangua kicheko, nami sikusikia ni jambo gani, na mnanijua, nisipojua kitu siwezi kutulia. Nikageuka kidogo tu. Nikachungulia.

Macho kwa macho na Mama Kadzo.

"Mmeona wenyewe," akasema polepole, akimpa mumewe kikopo. "Amenitazama. Huyu si mkwe wangu."

Wiki ile ile nikapanda lori la Bwana Keekee, nikahama na mabomba yake. Na tangu hapo simcheki tena mtu aliyeanguka hatua ya mwisho, awe analipwa au halipwi, maana sijui ni nani alikuwa amesimama nyuma ya mstari.