Ombi Lako Limetimizwa

Kanisa lililonipokea nilipofika Louisville kusoma lilikuwa na jikoni kubwa kuliko ukumbi wa shule yangu ya sekondari kule Kenya, na Ijumaa moja kila mwezi lilionyesha filamu za imani. Tuliketi kwenye viti vya kukunja, bisi mkononi, tukimtazama mwanamume fulani akipoteza kazi, mke, na ukocha wa timu ya mpira. Katikati ya filamu alipiga magoti kwenye mvua. Kabla bisi hazijaisha alikuwa amerudishiwa vyote, na timu imechukua kombe. Wenyeji wangu walipangusa machozi. Mimi nilikuwa nimewahi kuombea visa nikanyimwa, nikaombea tena nikapewa bila maelezo, kwa hiyo nilijua kwamba mbinguni nako kuna foleni. Lakini nilikuwa mgeni na bisi zilikuwa za bure. Nikapangusa macho pia.

Baada ya masomo nilipata kazi Columbus, katika kampuni inayopeleka wahudumu majumbani kwa wazee. Simhudumii mzee yeyote. Ninaihudumia programu. Mhudumu akifika kwa mzee lazima aguse simu ili programu ijue amefika; programu isipojua, basi hakufika, hata kama mzee ameshaogeshwa, amevaa soksi na anakunywa chai. Malalamiko yote huja kwangu, na kila moja huitwa tiketi, kana kwamba mlalamikaji anasafiri kwenda mahali. Tiketi mpya ni nyekundu, inayoshughulikiwa ni ya njano, iliyofungwa ni ya kijani. Isipoguswa kwa muda, programu huifunga yenyewe, kisha humwomba mlalamikaji atoe nyota kwa huduma nzuri aliyopata. Mkuu wangu anapenda kijani. Kila Jumatatu hutuonyesha ukutani jinsi kilivyoenea, akifurahi kama mkulima baada ya mvua, na hakuna anayethubutu kuuliza ni tatizo gani hasa lililotatuliwa.

Jumapili ninasali na Wakongo, katika ukumbi wa kukodi kule Clintonville, mtaa wa Columbus, tunamoingia wenye kanisa wakishatoka. Nilikwenda huko kwa sababu nilikuwa nimechoka kumwabudu Mungu kwa Kiingereza. Alikuwa ameanza kusikika kama mkuu wangu. Mchungaji wetu siku za juma ni mfanyakazi wa ghala. Anatembea na skana mkononi, anayakagua masanduku, na skana inamkagua yeye, maana ikiona amesimama kidogo inamuuliza kuna nini. Mtu mwingine angeichukia. Yeye alipata ufunuo.

Siku moja baada ya ibada aliniita pembeni. Zamani maombi ya washirika yaliandikwa kwenye vikaratasi na kutiwa ndani ya kikapu, naye alikuwa amekitazama kikapu hicho kwa macho mapya.

"Ku depo kila sanduku tunajua iko wapi," akaniambia kwa Kiswahili chao cha Kongo chenye Kifaransa ndani yake. "Ikipotea, tunajua ilipita ku mikono ya nani. Donc, maombi ya watu wa Mungu ndio tunaweka ndani ya kikapu?"

Nilimwambia kwamba pengine Mungu ana mpangilio wake. Alisema hana shaka na Mungu, shaka yake ni kamati ya maombi. Na kwa kuwa mimi nafanya kazi na kompyuta, nilikuwa nimeshateuliwa.

Nikatafuta programu ya tiketi isiyolipiwa. Ilikuwa ndugu kabisa wa ile ya kazini: nyekundu, njano, kijani. Nilimweleza mchungaji kwamba hii ya bure huzifunga tiketi yenyewe na haikubali kuzuiwa. Akajibu kwamba ombi linalokaa sana bila jibu linawavunja watu moyo, kwa hiyo hata hiyo ni huduma. Nikamweleza pia kwamba inatafsiri ujumbe wake kwa Kiswahili yenyewe, Kiswahili ambacho sijui ilikijifunza wapi. Neno la Kiingereza lenye maana tu kwamba faili limefungwa, yenyewe imelifanya kuwa "limetimizwa". Mchungaji alilisoma neno hilo kwa sauti, akalipenda.

Matokeo hayakuchelewa. Baba mmoja aliyeombea gia za gari lake alipokea ujumbe: "Ombi lako limetimizwa. Tafadhali toa nyota." Alitoka nje kwenye theluji na ufunguo mkononi, akawasha, gari likalia kama mbuzi, likanyamaza. Alitoa nyota moja. Mchungaji aliniambia hiyo ni imani haba.

Kulikuwa na mama mmoja wa kwaya, mjane, mwenye sauti ya kutosha kwaya nzima, na kwa kweli ndiye aliyekuwa kwaya nzima siku za baridi kali. Aliishi na binti yake Westerville, pembezoni mwa Columbus, karibu na kwangu, kwa hiyo mimi ndiye niliyemrudisha nyumbani baada ya ibada. Binti alikuwa kazini Jumapili, basi nilikaa na mama, tukala, tukatazama filamu. Alipenda filamu za bunduki. Kiingereza alikuwa hajui wala hakukihitaji; hadithi aliijaza mwenyewe, na kwa maoni yangu yake ilikuwa bora. Mwizi akitokea aliniambia huyo alilelewa na shangazi asiye na huruma. Polisi akipigwa risasi alisikitika kwamba chakula chake kimebaki mezani kwake.

"Huyu mwenye bunduki," aliniambia siku moja, macho hayatoki kwenye runinga, "mama yake hajui mtoto iko wapi."

Nilimuuliza amejuaje. Hapo ndipo alipoanza kunisimulia habari za mwanawe wa Buffalo, polepole, akingoja matangazo ya biashara ili asipitwe. Mume wake alikuwa amefariki huko Buffalo, muda mfupi baada ya familia kufika Marekani kutoka kambi ya wakimbizi. Kwenye msiba kijana alisimama mbele ya watu akasema hataomba tena. Kama kuomba kungefaa kitu, babake angekuwa hai. Mama aliona aibu kuliko uchungu. Akamwambia asimpigie simu mpaka atakaporudi kanisani. Akahamia kwa binti Columbus. Kijana hakurudi kanisani, kwa hiyo hakupiga simu. Ni watoto wachache wanaotii wazazi kiasi hicho.

Ombi la mama huyo lilikuwa limewekwa na mjukuu, msichana wa shule anayejibu kila kitu kwa Kiingereza. Kwenye programu lilisomeka kwa kifupi: mtoto wangu, Buffalo. Kamati ilikuwa imeshindwa kuamua liwekwe fungu gani, afya au usafiri, likaachwa hivyo hivyo. Na kwa kuwa hakuna aliyeligusa, programu ilifanya kazi yake.

Jumamosi asubuhi mama alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa tulivu mno. Alisema mjukuu amemsomea ujumbe wa kanisa, kwamba ombi lake limetimizwa, na kwamba ameshafunga mkoba. Aliuliza kama gari langu linaweza kufika Buffalo.

Ningeweza kumweleza palepale. Nilifikiria namna ya kumwambia mama wa watu kwenye simu kwamba mbinguni hawajasema lolote, ni mpangilio wa programu tu, kama ilivyotoka kwa walioitengeneza. Nikaona heri nimwambie ana kwa ana. Nilipofika Westerville alikuwa amesimama mlangoni amevaa kitenge cha sherehe chini ya koti la baridi, na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, imefungwa kwa taulo. Nikaona heri nimwambie njiani.

Nilimwambia tulipolikaribia ziwa, theluji ikianza kupiga kioo. Nilijieleza vizuri, kama ninavyowaeleza wahudumu kazini: kwamba tiketi ikikaa bila kuguswa hujifunga, kwamba neno lilitafsiriwa vibaya, kwamba hakuna mtu aliyezungumza na mwanawe, si kamati, si mchungaji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama Cleveland tumeshaipita.

Nikamwambia tumeshaipita.

"Bon," akasema. "Donc tuende tu."

Akarekebisha taulo la sufuria, akaimba kidogo, akalala.

Mwanawe aliishi East Side, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao yenye ngazi za nje. Anwani mama alikuwa nayo siku zote. Binti yake alikuwa akiwasiliana na kaka yake kisirisiri, na mama alikuwa akijua kisirisiri. Tulipanda huku nimebeba sufuria, nikijiuliza kanuni za kampuni yoyote zinasemaje kuhusu mfanyakazi wa programu anayekwenda kuifikisha tiketi kwa mguu.

Alifungua mlango akiwa na fulana ya kiwandani, macho mekundu ya mtu wa zamu ya usiku. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akaitazama sufuria.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna mutu amekufa," mama akasema.

Upepo ulikuwa unapita katikati ya mbao za ngazi na kunipanda miguuni, lakini hilo halikuwa jambo la mtu yeyote pale.

"Kompyuta ya kanisa ilisema umerudi," mama akasema.

Mimi, niliyetumia sehemu nzima ya barabara kuu kumweleza jambo hilo, niliangalia viatu vyangu.

"Nimerudi wapi?"

"Haikusema."

Kijana alisugua uso kwa mikono yote miwili. Nilidhani atafunga mlango, na moyoni nilikuwa tayari upande wake, maana mtu aliyetoka kazini ana haki ya kulala bila kutembelewa na programu. Badala yake akachukua sufuria mikononi mwangu, akasogea.

"Muingie, Mama. Baridi."

Kwenye filamu za Louisville hapo muziki ungepanda na mtu angeanguka kifuani pa mwenzake. Hapa kijana aliwasha jiko, akapika wali, akaomba radhi kwamba pilipili zimemwishia. Chakula kilipokuwa mezani alimwuliza mama kama ataomba, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama mvua itanyesha. Mama aliomba. Namjua mama huyo. Akishika baraka za chakula, wali huota ukoko mara ya pili. Siku hiyo alisema, "Baba, asante, amina," akachukua kijiko. Kijana alimtazama kwa mshangao ambao hakuuficha vizuri.

Muda wote huo ukishapita, mtu aanzie wapi? Kijana akawasha runinga, nadhani kwa kukata tamaa. Ilikuwa filamu ya majambazi wa benki. Mama alivumilia kwa muda, kisha akamnyooshea kidole jambazi mrefu, akasema huyo hajala tangu jana, anaona aibu kuwaambia wenzake. Kijana akasema hapana, huyo ndiye kiongozi wao. Mama akasema kiongozi pia anakula. Wakabishana. Wakabishana juu ya jambazi huyo, juu ya dereva wao, juu ya mwanamke mwenye mkoba, na mahali fulani katikati ya mabishano kijana akasema, bila kugeuka, kwamba Baba naye alikuwa anaona aibu kusema ana njaa. Mama akasema, ndiyo, alikuwa hivyo. Nikaondoka sebuleni nikaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vingi.

Kesho yake nilirudi Columbus peke yangu. Mama alisema atakaa kidogo, vyumba vya kijana vinahitaji pazia.

Jumapili iliyofuata mchungaji alinisimamisha mbele ya kanisa. Alieleza jinsi teknolojia ilivyomtembelea mjane, akawaambia watu wanipigie makofi, wakanipigia. Nilitaka kusema kwamba kijana bado hasali, kwamba programu ilikosea kwa kila namna programu inavyoweza kukosea. Lakini watu walikuwa wamesimama, na yule baba wa gia alikuwa akipiga makofi kuliko wote, nadhani kwa matumaini. Baadaye ile programu ya bure ilitaka kulipwa, mahesabu ya kanisa yakaikataa, na mchungaji akatangaza kwamba Roho anatuongoza kurudi kwenye kikapu.

Mwanawe ndiye aliyemrudisha mama, majira ya kuchipua. Nilikuwa nimekuja kuleta viazi nikawakuta Westerville, binti akikaanga samaki na mjukuu akimwuliza mjomba kwa Kiingereza kama Buffalo kuna watu. Kanisani hakwenda, wala hakuna aliyemtaja mchungaji. Alikula sahani mbili, akajinyoosha kwenye sofa akisema anapumzika dakika moja tu, akasinzia na viatu miguuni. Mama aliendelea kusimulia habari za mapazia. Alipogeuka na kumwona kijana amelala, alishusha sauti, akapiga magoti kwenye zulia, akaanza kuzifungua kamba za viatu, kimoja kimoja, asimwamshe.