Mkutano Uliohudhuriwa na Marehemu

Dada yangu Theopista hakumsamehe Hosea, na mimi sikumshauri amsamehe.

Hosea ni mtendaji wa kijiji chetu, hapa juu ya Marangu. Mume wa dada alipofariki, Hosea alimega upande wa chini wa kihamba cha dada, shamba la migomba la ukoo, akampa shemeji yake yeye Hosea. Karatasi ilisema mkutano wa kijiji umeridhia. Dada alipolalamika, Hosea alicheka.

"Mama Godbless, muhtasari una sahihi za watu thelathini. Wote waongo, mkweli wewe tu?"

Dada akaomba nakala. Aliisoma nyumbani, akaikunja, akangoja miaka saba.

Mwaka jana wilaya ilileta semina ya kuwajengea watendaji uwezo wa kutunza kumbukumbu. Wananchi tulikaribishwa. Mkufunzi, Bi. Rukaiya, akaomba muhtasari wowote wa kujifunzia. Dada akasimama.

"Huu hapa, wa Hosea. Naomba uite waliohudhuria, waitike wenyewe."

Bi. Rukaiya akaita, "Mzee Filemon."

"Yuko migombani kwake, chini ya udongo," dada akajibu. "Tulimzika mwaka mmoja kabla ya mkutano huo."

"Lukresia."

"Marehemu. Nilimwosha mimi mwenyewe."

Mtu akapaza sauti, "Kumbe hata mbinguni wanalipwa posho ya vikao!" Ukumbi ukaangua kicheko.

Hosea akamsogelea dada. "Mama Godbless, tuongee pembeni."

"Pembeni ndiko ulikouandikia. Endelea, mwalimu."

Marehemu walikuwa tisa. Lilipoitwa jina la baba yetu, mimi ninayeogopa hata kusoma somo kanisani nilisimama, nikataja tarehe tuliyomzika.

Mwezi uliofuata ukaitishwa mkutano wa kweli wa kumrudishia dada ardhi yake. Hosea alikuwa bado kazini akisubiri barua yake ya nidhamu, kwa hiyo mwandishi alikuwa yeye. Dada alivuta kiti, akakaa ubavuni mwake na kuufuata mkono wake kwa macho.

"Umeandika 'ardhi imerudishwa'. Futa. Andika kwamba uliipora kwa majina ya wafu."

"Mama, nina watoto."

"Hata mimi nilikuwa nao. Andika."

Akaandika. Dada akamwamuru asome kwa sauti. Akasoma. Tuliokaa nyuma tukasema hatujasikia, akasoma tena. Tukasema bado, akasoma mara ya tatu, sauti ikimkauka.

Mimi nilikuwa nimesikia tangu mara ya kwanza.